Malalamiko Dhidi ya Shule Iliyomfundisha Binti Yangu Kusoma

Kambi ya Askari Magereza,
Mbale.
Septemba, 1998.

Bwana Mkaguzi wa Shule za Msingi,

Pokea salamu za mtu usiyemjua, ingawa siku ya ukaguzi ulimwambia asogeze baiskeli yake gari lako lipite. Mimi ni Sajini Benedicto Wanyama wa Magereza, mzazi katika shule iliyo ng'ambo ya kijito cha Nabuyonga, ile ambayo watu huiita Turubai kwa sababu nusu ya madarasa yake ni turubai. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi yetu. Najua hapa kwetu mtu akisikia Kiswahili hudhani wenye bunduki wamefika, hutazama kwanza mlango uko wapi. Usiogope, bwana. Sina bunduki. Nina kalamu tu, na hata hiyo nimeiazima.

Nimesikia kwamba katika ukaguzi wako shule yetu imekuwa ya mwisho, na kwamba Mwalimu Nandutu wa darasa la tatu anahamishwa. Hongera kwa kazi. Ila naona umewahurumia mno. Makosa yao ni makubwa kuliko uliyoyaona wewe, na kwa kuwa walioumizwa ni watu wa nyumba yangu, niruhusu niyaeleze.

1. Shule hii imemharibu binti yangu Racheal, ambaye nilimleta hapa akiwa mzima kabisa.

Kabla ya kuhamishiwa Mbale tulikuwa Jinja. Huko Racheal alisoma katika shule ambayo ungeipenda. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa kila mwisho wa mwezi. Maua yalikuwepo, kengele ilikuwepo, na mwalimu mkuu alivaa tai hata siku ya mvua. Mtoto aliyenaswa akisema Kisoga au Kiswahili alivikwa mfupa wa ng'ombe shingoni mpaka jioni, kwa hiyo watoto walikuwa watulivu sana. Wengi waliona heri wasiseme kitu. Ripoti ya Racheal ilisema yeye ni hodari, na mimi niliibandika ukutani, juu ya kitanda.

Tulipofika Mbale, mtoto wetu mdogo Jimmy alishikwa na kikohozi, na mwili ukamtoka upele. Zahanati ikampa Gorreti, mke wangu, chupa mbili: moja ya kunywa, moja ya kupaka. Mimi nilikuwa zamu. Gorreti hakwenda shule, lakini nyumbani tulikuwa na msomi. Akamwita Racheal, akampa chupa moja, akamwambia, "Mama, nisomee. Hii ni ya kunywa?"

Racheal akasimama wima kama alivyofundishwa, akaweka mikono nyuma, akaitazama chupa, kisha akatoa Kiingereza kizuri mno. Sauti ilipanda na kushuka. Gorreti hakuelewa neno hata moja, lakini moyo wake ulijaa furaha. Akachukua kijiko.

Jirani yetu Hajarah, mke wa mfanyabiashara wa nguo, alikuwa amekuja kuomba moto. Alisimama mlangoni akisikiliza. Halafu akaruka, akapiga kile kijiko, dawa ikamwagika mkekani.

"Gorreti! Unajua huyu mtoto amesoma nini?"

"Amesoma dawa."

"Amesema, 'Karibuni wageni wetu wapendwa, sisi wanafunzi tunafurahi kuwaona.' Na hiyo chupa ni ya kupaka!"

Niliporudi nilimkuta Gorreti amemkumbatia Jimmy, hataki kumweka chini. Racheal alikuwa amejificha nyuma ya mapipa ya maji. Nilimpa kitabu chake cha Jinja. Akasoma ukurasa mzima bila kosa. Nikakigeuza juu chini. Akausoma tena bila kosa. Bwana Mkaguzi, nimekaa na wezi miaka mingi, lakini sijawahi kujiona nimeibiwa kama jioni hiyo.

Nakiri kwamba wakati ule nililaumu shule ya Jinja. Sasa nimejifunza kutoka kwako kwamba nilikosea. Mawe yake yalikuwa meupe.

2. Mwalimu Nandutu hana heshima kwa ripoti.

Nilimpeleka Racheal Turubai kwa sababu ilikuwa karibu na haikutuomba chochote. Mwalimu mkuu, Mzee Magidu, alitupokea akiwa ameshika nyundo, maana upepo ulikuwa umeng'oa upande mmoja wa darasa la pili. Alituelekeza kwa Nandutu, mama mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Nikampa ile ripoti. Aliitazama kidogo, akairudisha, akampa Racheal karatasi ya sabuni iliyookotwa, akamwambia asome. Racheal akawakaribisha wageni wapendwa.

Watoto wakacheka. Nandutu akawanyamazisha kwa mkono, akaniambia, "Afande, mtoto wako ana sauti nzuri. Sasa tutamtafutia macho."

Akamkalisha chini pamoja na wadogo. Binti hodari wa Jinja! Nilitaka kumchukua turudi nyumbani. Gorreti, aliyekuja na Jimmy mgongoni, akasema, "Mwache hapo." Sauti yake haikuwa ya kujadiliana.

3. Njia za kufundishia ni za aibu.

Wewe mwenyewe uliona. Hana vitabu vya kutosha watoto wale wote walioingia tangu serikali iseme wasome bure, basi anafundishia takataka. Maboksi ya majani ya chai, magunia ya sukari, makopo. Anaanza na Kimasaba, lugha ya hapa, anapita kwenye Kiswahili, anafika kwenye Kiingereza, na njiani hamvishi mtu mfupa. Wakimaliza maboksi huwapeleka barabarani wasome kuta za maduka.

Matokeo yake nimeyaona mimi. Katika muhula wa pili nilikuwa natembea na Racheal mjini, nimevaa sare, nikasema niingie mahali fulani kidogo kutuliza koo. Mtoto akasimama mlangoni, akainua uso, akasoma polepole, kwa sauti ile ile ya kukaribisha wageni: "Askari... wenye... sare... hawa-ru-hu-siwi." Wanywaji wote wakageuka. Mmoja akapiga makofi. Nilirudi nyumbani na kiu yangu.

Hiyo si yote. Zahanati ikitoa dawa sasa, Gorreti hamwiti tena Hajarah. Anamwita Racheal, na Racheal anasoma kwa kidole, taratibu, mpaka mama yake aridhike. Jumapili iliyopita niliwakuta wawili hao wamekaa na boksi la chai. Racheal alikuwa ameshika kidole cha mama yake, anakipitisha juu ya herufi. Gorreti aliponiona akalificha boksi chini ya nguo kama mtu aliyekamatwa na bangi. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku. Unaona shule inavyovunja utaratibu wa nyumba?

4. Walimu hawa hawajui ukaguzi ni nini.

Siku uliyokuja, mimi na wazazi wengine tulikuwa tunakaza kamba za turubai. Nilisikia kila kitu. Uliomba kitabu cha wageni; hakipo. Uliuliza bendera, ilikuwa imefuliwa, haijakauka. Ulikagua vyoo, nakubali, vilistahili maneno uliyoyasema. Kisha ukataka kuona darasa la tatu, tukakuonyesha upande wa barabara, ambapo Nandutu alikuwa amesimama na watoto wake mbele ya duka la jumla la Nasur, wanasoma ukuta.

Ulimwuliza, "Darasa lako liko wapi?"

"Ni hawa, bwana."

"Nauliza chumba."

"Chumba hatuna. Watoto tunao."

Ukaandika. Sote tuliona kalamu inavyokimbia. Ndipo binti yangu, ambaye amekwisha kuharibika, akanyoosha mkono na kusema, "Mgeni, nikusomee?" Hakuna aliyemtuma. Alishika gunia tupu la sukari, amelikunjua vizuri ili maneno yaonekane.

Nawe ukamjibu kwa upole, nakushukuru kwa upole huo, "Kaa chini, mama. Leo tunakagua shule, si watoto."

Alikaa chini. Lile gunia akalikunja tena, mara mbili, mara nne, mpaka likawa dogo kama leso.

Kwa hiyo naunga mkono hukumu yako. Kwa kweli naiona imesimama njiani, na hapa ndipo ninapoleta ombi langu.

5. Kama shule hupimwa kwa vipimo vyako, basi shule bora kuliko zote mashariki ya Uganda ni gereza letu, na naomba litambuliwe.

Kuta tunazo, tena nene. Mawe yamepakwa chokaa. Bustani ina maua kuliko ile ya Jinja. Kengele hailali. Kila mmoja ana sare, hakuna mtoro, na aliyeingia hatoki kabla hajamaliza. Kitabu cha wageni kipo na kimejaa. Hata vyoo tunakagua kila asubuhi. Njoo na gari lako, geti litafunguliwa, na hakuna atakayekuomba akusomee.

Hilo la mwisho nakuhakikishia. Kuna mfungwa wetu mmoja, kijana anayeitwa Matia. Alimaliza darasa la saba katika shule yenye jengo la ghorofa, na anajua kuchora ghorofa hiyo kwa mkaa, dirisha kwa dirisha. Mke wake alimwandikia. Alikaa na barua hiyo siku nyingi ndani ya shati kabla hajapata ujasiri wa kuniambia, "Afande, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri, nisaidie." Macho yake yanaona njiwa akiwa juu ya mnara. Nilimsomea. Mke alikuwa anamwambia kwamba mtoto wao amefariki na kuzikwa. Alikuwa amelala juu ya habari hiyo siku zote hizo bila kujua, na ilibidi aipokee kwa mdomo wa askari, wenzake wakisikia.

Kwa hiyo ninapoona mwalimu anatolewa kwenye shule kwa kosa la kufundisha kusoma bila chumba, naelewa kwamba serikali inajali sana idara yetu na inataka tusikose watu. Tunashukuru. Ila nafasi zimejaa, bwana. Tunalala kwa zamu.

Naomba basi lifanyike moja kati ya mawili. Ama Mwalimu Nandutu aachwe pale alipo, chini ya turubai lake, aendelee kuharibu watoto wetu. Ama wewe uje ukae darasani kwake kama mwanafunzi, ukisoma boksi moja la chai kwa kidole, ndipo uandike tena. Sisi wazazi tumekubaliana kwamba hatutaondoka mlangoni pa ofisi yako mpaka tupate jibu, na mimi nitakuwa wa mbele, bila sare.

Nisalimie makarani wako wote, nisalimie dereva aliyenipigia honi, na nyumbani kwako uwape pole kwa safari zako nyingi. Mzee Magidu anakusalimu. Nyundo bado anayo. Gorreti anakusalimu pia, na amekataa niliache jina lake, basi nimeliandika.

Ni mimi raia mtiifu, niliyekerwa kwa adabu,

Sajini Benedicto Wanyama.

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha Mwalimu Nandutu alipokuja kutuaga. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nimekuandikia, na nikamsomea barua yote. Alicheka mahali pa kiu. Mwishoni akatazama chini.

"Afande, uhamisho niliuomba mwenyewe. Mume wangu yuko Jinja, ni dereva jeshini. Tangu tuoane tunaonana Krismasi na Pasaka. Nimeomba kila mwaka, ofisi zinanyamaza. Yule mkaguzi unayemtukana ndiye aliyesimama kunitetea. Aliniambia mwalimu kama mimi hafai kuishi peke yake."

Gorreti alimkumbatia, wakalia wote wawili, mmoja kwa furaha. Mimi nilibaki nimeshika karatasi hizi.

Anapelekwa shule moja huko Kimaka, pale pale Jinja. Kwa hiyo, Bwana Mkaguzi, nimefikiri upya. Jinja ni mji wenye hewa nzuri, na shule zake hazikuwa mbaya kama nilivyosema kwa hasira. Nimeandika maombi kwa wakubwa wangu nirudishwe huko kabla muhula haujaanza. Neno lako la kuniunga mkono litasaidia sana. Kuhusu wazazi wenzangu walioahidi kukaa mlangoni pako, watakuja tu. Lakini watafute mtu mwingine wa mbele, na wewe usiwaambie niko wapi.

Maombi hayo nimeyatia humu humu ndani ya bahasha. Tafadhali yasome kwanza. Ukiridhika nayo, hii nyingine huna haja ya kuisoma.