Semina Hewa ya Injinia Ritha

Castory aliisikia riziki kabla hajaiona. Ilikuwa imeegemea kaunta ya steshenari yake pale Majengo, Dodoma, inasubiri nakala zake, na inalalamika kwenye simu.

"Wanataka ushahidi wa kila mafunzo niliyopata kwa miaka mitatu! Saa ngapi, mada gani, nani alifundisha. Nisipopeleka kabla ya mwisho wa mwezi, faili langu la kuhamia Australia linafungwa. Mimi miaka yote mitatu niko porini nachimba visima, semina ningezipata wapi?"

Castory akaizima mashine ya fotokopi ili asikie vizuri. Tuelewane mapema: Castory hakuwa mwizi. Wizi unataka mbio, naye alikuwa na nyayo bapa. Yeye alizisaidia karatasi kuzaliwa pale ambapo tukio lenyewe lilichelewa kutokea. Aliwahi kumtengenezea mzee mmoja cheti cha ubatizo, na mzee yule akaanza kwenda kanisani kweli. Castory alijihesabia thawabu.

"Dada, samahani," alisema simu ilipokatika. "Sikuwa nasikiliza, ila nimesikia."

Mteja alikuwa Injinia Ritha, mhandisi wa maji, mkazi wa Miyuji, mwanamke mpole mwenye miwani minene. Nje alikuwa ameegesha kigari chekundu, na macho ya Castory yalikaa huko zaidi. Kwa miaka tisa alikuwa akiwafuata wateja wa maana kwa bodaboda, anafika na vumbi mpaka kwenye kope. Tapeli mwenye vumbi haaminiki. Laiti angekuwa na gari, mageti ya mji huu yangefunguka yenyewe.

"Vyeti nitakutengenezea leo leo," alisema.

"Vyeti vitupu havitoshi. Wanataka picha, orodha ya washiriki, na namba za kupiga."

"Basi tutafanya semina hewa. Nchi hii iliwahi kuwa na wafanyakazi hewa, wa kwenye karatasi tu, sisi tushindwe na semina?"

Ritha akavua miwani, akaifuta taratibu. "Na wewe utataka nini?"

"Ukisafiri, lile gari litabaki na nani?"

Injinia akafikiri kidogo. "Kazi ikiisha nakukabidhi ufunguo siku hiyo hiyo. Mbele ya mashahidi."

Castory nusura aruke kaunta amkumbatie.

Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa harusi wa kukodi karibu na Chimwaga, bango lilining'inia: MAJI CHUMVI, CHANGAMOTO NA FURSA. Castory alikuwa ameleta wapagazi kumi na wawili wa sokoni, wamevaa makoti ya kuazima. Mpango ulikuwa wa nusu saa: wakae, wakunje nyuso kama wataalamu, wapigwe picha, waondoke. Mlangoni aliweka daftari la mahudhurio alilolichora mwenyewe kwa rula: jina, ofisi, namba ya simu, sahihi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeivunja ile rula. Mtu wa Dodoma akiona safu ya namba ya simu jirani na safu ya sahihi, haulizi mada. Anajua posho iko njiani.

Saa tatu akaingia Mama Evelina, mtu wa masjala katika ofisi ambayo tutaisitiri.

"Shikamoo mama," Castory alisema. "Samahani, hii ni ya wahandisi tu."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni mdau wa maji, nayanywa kila siku." Akasaini.

Nyuma yake walikuja makarani, wanafunzi wa chuo, walimu wawili, na mfugaji mmoja, Mzee Zablon, aliyekuwa akimtafuta ng'ombe wake. Naye alisaini, akauliza kama ng'ombe akipatikana atahesabiwa. Kufikia saa nne washiriki walikuwa sitini na watatu, na viti vikaazimwa msibani jirani.

"Injinia, piga picha tukimbie!" Castory alinong'ona.

"Watu hawa hawaondoki bila mada," alisema Ritha, akafungua kompyuta yake.

Akafundisha kweli. Alieleza kwa nini birika linaota ukoko mweupe, kwa nini kisima kimoja ni kitamu na cha jirani kichungu. Mama Evelina aliuliza maswali saba. Mzee Zablon alieleza jinsi anavyoyatambua maji machungu kwa kuangalia majani yaliyoota juu yake, na Ritha akaandika yote aliyosema. Castory, ambaye kama mratibu alikalishwa mbele, alijikuta akitikisa kichwa kwa kuelewa. Jambo hilo lilimtisha.

Saa tisa makofi yalipigwa, yakaisha. Kila mtu alimtazama mratibu.

"Posho itaingia kwenye simu," alisema Castory.

"Simu tunazo," alijibu Mama Evelina. "Tunasubiri."

"Kwani nani aliwaambia kuna posho?"

Mama akamwonyesha ujumbe uliokuwa umezunguka kwenye magrupu tangu Alhamisi: semina, chakula, posho, mratibu Castory, na namba yake chini. Castory akageuka kumtazama Ritha. Alikuwa anafuta miwani.

"Ni wewe uliyetangaza?"

"Kaka Castory, mshiriki hewa hapokei simu," alijibu kwa sauti ya chini. "Hawa watapokea. Na aliyefundisha anahesabiwa saa nyingi kuliko aliyekaa."

Kisha akainua sauti. "Ndugu washiriki, mimi ni mtu wa ahadi. Kwa kazi kubwa ya mratibu wetu, namkabidhi gari langu mbele yenu!"

Ufunguo ukatua kwenye kiganja cha Castory. Macho mia na ishirini na sita yakautazama.

"Kumbe mratibu ana mali," alisema Mama Evelina.

Castory alijaribu kukimbia, lakini nyayo zake mnazijua. Ndani ya dakika kumi ilishaundwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ikaazimia gari liuzwe posho ilipwe. Ufunguo alipewa Mzee Zablon autunze, maana ndiye pekee aliyeaminika kuwa hajui kuendesha. Wale wapagazi kumi na wawili walipiga kura pamoja na wengine. Castory alimiliki gari kwa dakika kumi na moja, na kwa kweli iliuma.

Ritha akapanda bajaji, faili kwapani. "Asante kaka. Humu hamna hata karatasi moja ya uongo."

Castory alirudi mjini kwa miguu, ameinamisha kichwa. Njiani simu ikaita, namba ngeni.

"Haloo, wewe ndiye mratibu wa zile semina zinazotoa magari?" aliuliza dada mmoja.

Castory akafumba macho. "Mratibu amefariki."

"Jamani! Lini?"

"Leo, saa tisa."

"Poleni sana. Ndiyo kwanza naiweka namba yake kwenye grupu letu la kazini. Sasa rambirambi tutume wapi?"

Castory akasimama katikati ya barabara.

"Hii hii, dada yangu," alisema, akaanza kulia kwa sauti. "Namba ni hii hii."