Kibanio Namba Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Wiki haijaanza vizuri na mimi tayari hoi.

Barua ya Katibu imefika. Katibu wetu ni Daktari wa Meno, na anaandika kama anavyong'oa: kwa upole, na huna pa kukimbilia. Anawakumbusha wanachama wote saba wa Klabu ya Ndege Zisizo na Injini kwamba Jumamosi ni uchaguzi wa mwaka. Wagombea wawili tu. Mimi, mwenyekiti kwa miaka kumi na moja. Na Fundi Saa.

Fundi Saa! Mtu anayeshinda kibandani kwake na lenzi jichoni, akichokoa matumbo ya saa za watu. Hana kelele, hana majungu, hana hata kikohozi. Nani anataka mwenyekiti wa namna hiyo?

Bahati mbaya, kwetu hakuna kura. Katiba, kifungu cha saba: kati ya ndege zitakazorushwa siku ya uchaguzi, mwenye ile itakayokuwa ya mwisho kugusa ardhi ndiye mwenyekiti. Kifungu kizuri sana. Nilikiandika mwenyewe, enzi zile ambapo vindege vya rimoti vya wenzangu vikirushwa vilianguka tu, puu! Cha kwangu ndicho pekee kilichokuwa kinaelea. Siku hizi vyote vinaelea. Cha Fundi Saa hakishuki mpaka kibembelezwe.

Mke wangu akauliza nikishindwa nitapungukiwa na nini. Nikajitia sikusikia. Jibu ninalo ila naona haya kulisema. Ofisini, chumba cha mafaili, idara ya maji, bosi wangu ananiita "wewe wa mafaili". Mwaka wa kumi na tisa sasa. Nyumbani naitwa "we baba". Lakini kule kilimani, Jumatano na Jumamosi, watu wazima sita wenye akili zao wananiita Mwenyekiti. Bila hilo sina jina. Ndiyo hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo! Ndege nyepesi hukaa angani zaidi. Nimekwangua rangi yote. Nimeng'oa stika. Nimetoa na kile kipande cha madini ya risasi kilichomo puani, kizito kama nini, sijui nilikiweka cha nini.

Nimeijaribu kwenye korido. Sasa najua kilikuwa cha nini. Ilipanda ikiwa imeinua pua juu, ikasimama kwa mkia, ikageuka, ikarudi kinyumenyume na kuipasua picha ya mama mkwe iliyoko ukutani. Kioo chote chini.

Mke wangu alichukua ufagio, akafagia, akaitundika picha upya bila kioo. Afadhali angefoka. Mama mkwe sasa ananitazama vizuri zaidi kuliko zamani.

Nimerudisha risasi puani kwa gundi. Nimegandisha na kidole gumba. Nimetumia saa nzima kukibandua. Uchovu mtupu.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi, baada ya saa za kazi. Kile kilima kinazidi kurefuka kila wiki, au ni magoti yangu. Nimefika juu napumua kama mgonjwa. Fundi Saa alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda, hana hata tone la jasho. Huwa anafika wa kwanza. Utamwambia nini fundi saa kuhusu kuchelewa?

Hapo ndipo penye shida yangu. Mimi na yeye tulinunua rimoti zetu duka moja, wiki moja, na zote mbili ni za chaneli namba sita. Mkiziwasha pamoja, ndege haijui imsikilize nani. Inapagawa na kuanguka. Ndiyo maana tuna ubao wa vibanio. Ni vibanio vya nguo vya kawaida, kila kimoja kimeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Ukitaka kurusha, unachukua kibanio cha namba yako ubaoni na kukibana kwenye antena. Kibanio hakipo? Mwenzako anakitumia, kaa chini usubiri. Kila namba ina kibanio kimoja tu. Sheria hiyo nayo niliitunga mimi. Klabu hii nzima imetoka kichwani mwangu, na shukrani sioni.

Kwa hiyo Jumamosi Fundi Saa akiwahi, anachukua namba sita, anarusha kwenye upepo wa asubuhi unaopanda kilima kuanzia saa tatu. Saa tano upepo unakufa. Mimi ndipo napewa kibanio! Nitaelea na nini, na pumzi zangu?

Nilikuwa nakitazama kile kibanio kwenye ubao wakati Shemeji anafunga vitu. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, ndiye mtunza ubao, kijana mzuri, anaamini kila anachoambiwa. Nikamwambia aangalie kama nimeacha kofia kwenye nyasi kule. Akaenda. Kofia ilikuwa kichwani mwangu.

Kibanio namba sita kimo mfukoni mwa suruali yangu ya kijivu. Jumamosi hata akifika alfajiri, atasubiri tu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzima nimekuwa nikikipapasa mfukoni. Bosi akauliza kama naumwa.

Saa saba Fundi Saa akaja ofisini. Nikajua nimeshikwa. Kumbe kaniletea bawaba ndogo ya usukani wa mkia, kaichonga mwenyewe, kwa udogo wake huioni mpaka uivizie. Alisema jana aliona mkia wangu unayumba, akasikitika. Ndege nilikuwa nayo chini ya meza; akanifungia palepale juu ya mafaili, kwa bisibisi isiyozidi kijiti cha meno, akaaga, akaondoka.

Mtu huyu anachosha. Hata kumchukia anakunyima nafasi. Nimeacha bawaba mahali pake, maana ni nzuri kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Nimerudi kazini nikakuta suruali ya kijivu inaning'inia kambani, inachuruzika maji. Mifuko imegeuzwa nje. Kibanio hakuna.

Nimekagua kamba yote. Vibanio ishirini na vitatu, vyote vya bluu, havina namba. Nimepekua beseni, karo, kapu la nguo chafu. Mke wangu hayupo, ameenda kwa ndugu yake. Na hata angekuwepo ningemuuliza nini? Kwamba umekiona kibanio nilichoiba?

Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikajionea huruma kidogo. Halafu akili ikanijia, kama kawaida yangu. Kibanio ni kibanio! Nikachomoa kimoja cha bluu, nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu ileile, nikaandika sita. Sita nzuri, yenye tumbo. Rangi imenimwagikia vidoleni na haitoki, lakini nani atanitazama vidole?

Mke wangu amerudi saa kumi na moja. Amesema kesho atakuja kilimani kuangalia. Mara ya kwanza katika miaka minane! Nikafurahi, nikaogopa, nikafurahi tena. Nimelala chali kitandani. Hata furaha siku hizi inanitoa jasho.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa kifupi.

Nilifika wa kwanza. Mimi! Hata Shemeji na ubao wake alikuwa bado. Katibu akaja na saa yake ya kupimia muda. Nikabana kibanio changu kwenye antena, kiganja juu yake ili rangi isionekane, na saa tatu kamili nikaitupa ndege hewani.

Jamani, ilivyoelea! Upepo uliinyanyua kwa utaratibu kama mama anamnyanyua mtoto aliyelala. Bawaba mpya haikuyumba hata kidogo. Nilikwenda kushoto, nikarudi kulia, mabawa yanang'aa. Kwa nusu saa nzima sikuhisi magoti. Nyuma yangu nikasikia watu wanafika, nikasikia sauti ya mke wangu. Sikugeuka. Mwenyekiti akiwa kazini hageuki.

Halafu nikamsikia Fundi Saa anaita kwamba anaomba kuwasha. Akarudia: Mwenyekiti, nawasha namba sita! Nikajua ni ujanja wa kunibabaisha. Angewashaje bila kibanio? Nikatabasamu, nikaendelea kurusha.

Ndege yangu ikashtuka. Ikatikisa bawa moja, ikatikisa la pili, ikageuka chali, ikaanza kuzunguka kama nzi aliyelewa dawa. Nikasukuma vijiti vyote. Wapi! Ilipita juu ya vichwa vyetu inapiga mluzi, ikashuka upande wa pili wa kilima na kujichomeka kwenye kilele cha msonobari.

Nikageuka kama mbogo. Nikauliza ni mwendawazimu gani kawasha. Fundi Saa alikuwa ameganda, rimoti mkononi, na kwenye antena yake kibanio namba sita. Cha kweli. Kile cha zamani, kilichopauka.

Mambo yakajieleza yenyewe, na kila sentensi ilikuwa msumari. Mke wangu alikikuta kibanio kwenye suruali, akajua ni mali ya klabu, akadhani nimesahau, akampelekea Shemeji jana. Shemeji akakibana ubaoni asubuhi, nyuma ya mgongo wangu. Fundi Saa alipokiona alishangaa, akamuuliza Katibu. Katibu akamjibu kwamba kibanio kikiwa ubaoni namba iko huru, ndiyo sheria, na aliyeitunga ni Mwenyekiti, hawezi kuivunja. Lazima ameazima rimoti nyingine. Na hata hivyo Fundi Saa aliita mara mbili.

Katibu akaomba kuona kibanio changu. Akakitazama. Akatazama vidole vyangu. Mke wangu akasogea, akasema taratibu kwamba hiyo rangi ni yake.

Hakuna aliyecheka. Ndicho kilichoniuma zaidi. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Fundi Saa akaniomba msamaha. Yeye! Wakamlazimisha arushe, maana upepo ulikuwa bado, na ndege yake ikakaa dakika hamsini na mbili, ikatua miguuni kwake. Katibu akafungua daftari aandike jina la mwenyekiti mpya.

Hapo nikauangalia ule msonobari.

Nikamwomba Katibu atusomee kifungu cha saba. Akasoma. Nikamwomba arudie yale maneno ya kugusa ardhi. Akarudia. Nikamwonyesha mti kwa kidole chekundu. Ndege ya Fundi Saa imegusa ardhi. Yangu je?

Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena kimoyomoyo. Mwisho akasema kwa sauti ya mtu anayehitaji kulala kwamba kwa mujibu wa katiba, uchaguzi unaendelea.

Jumapili, 9 Machi

Naandika haya nikiwa juu ya msonobari.

Nilikuja asubuhi na ngazi ya Shemeji na waya. Upepo ulivuma usiku na sikuwa na imani nao. Nimeifunga ndege kwenye tawi kwa mizunguko kumi na minne, bawa hili na bawa lile. Haitagusa ardhi leo, haitagusa mwakani. Nilipotaka kushuka, mguu ukaipiga ngazi teke. Imelala kule chini. Utomvu umenigandisha suruali. Ile ya kijivu.

Saa nne akapita Fundi Saa. Alikuja kuniletea kibanio namba sita nikitunze, eti mimi ndiye nimekizoea. Akainua ngazi, akaiegemeza kwenye mti. Akasema yeye hakutaka hata kugombea, ni wenzake walimsukuma, na kama nitashuka salama atajitoa leo hii na uenyekiti nibaki nao.

Nikamwambia sitaki huruma. Nataka ushindi halali! Aiondoe ile ngazi. Akaiondoa, akailaza vizuri kwenye nyasi, akaniachia chupa ya maji pale chini kwenye shina, ambapo siwezi kuifikia. Wema wake ndio uleule siku zote.

Saa sita sasa. Jua kali. Nimechoka kuliko nilivyochoka Jumatatu, na Jumatatu nilidhani ndio mwisho.

Mke wangu amefika. Amesimama chini, mikono kiunoni, ananitazama. Nilijiandaa kwa lolote. Nikafikiria picha ya mama yake, rangi yake ya kucha, na jinsi alivyopanda kile kilima jana na gauni zuri ili aje aone mambo yale. Nikataka kumwambia samahani, kwa kweli nilitaka. Lakini ukiwa juu ya mti neno hilo halitoki vizuri.

Akainua ngazi. Akasema chakula kinapoa. Akasema: haya, Mwenyekiti, shuka ule.

Mwenyekiti! Miaka ishirini na mbili ya ndoa, hajawahi. Kulikuwa na kicheko ndani yake, sikatai, na macho yalikuwa yamechoka kama yangu. Lakini kaniita. Nimelisikia kwa masikio yangu mawili. Nimemwomba arudie nisije nikawa nimekosea, akarudia.

Kwa hiyo kosa langu wiki hii lilikuwa moja tu. Nilipoteza siku nne nzima na vibanio. Mwakani naanza na mti.