Gauni la Lusia na Simu ya "Tapeli Usipokee"

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Mnanijua. Niliingia Tunduma na ndoo ya mahindi ya kuchemsha, nikiwauzia madereva kwenye foleni ya malori. Leo nina duka la vipuri na nyumba yenye geti linalojifungua lenyewe (umeme ukiwepo). Shule niliishia darasa la saba, lakini dunia hii nimeisoma mpaka kurasa za nyuma.

Basi leo nimeaibika. Hadharani, Mlowo, mbele ya basi zima. Someni, ila atakayecheka ajue dukani kwangu mkopo hana tena.

Jumamosi ni sendofu ya binti yangu Lusia, tunamuaga kabla ya harusi. Mama Lusia alitaka gauni lishonwe na fundi wetu wa hapa hapa. Nikakataa. "Mwanangu mimi avae gauni la fundi anayeshona sare za kwaya? Naagiza Dar, kwa simu, linaletwa mlangoni kama mkate!" Nikaagiza, nikalipa. Dada muuzaji akaniambia usafiri umeshalipwa hadi Tunduma. Nikamwonyesha mke wangu picha ya gauni na kujipiga kifua.

Gauni halikuja.

Nikangoja. Wapi! Na humu kwenye kundi letu la wafanyabiashara nanyi mlikuwa mnalia hivyo hivyo, huyu betri yake haijafika, yule viatu vyake havionekani. Mnakumbuka nani aliongoza kelele? Mimi. Niliandika kwamba hawa wasafirishaji vifurushi vyetu lazima wanavitembeza nchi nzima kwanza vione mandhari. Mkanirushia vidole gumba. Nikafurahi.

Sasa, siku zile zile kuna mtu alikuwa ananipigia.

"Shikamoo mzee. Una mzigo wako hapa, umetoka Dar. Tuma elfu tatu ya bodaboda nikuletee mpaka mlangoni."

Ahaa! Tuma! Mtu akinitamkia hilo neno, akili yangu inasimama kama askari wa gwaride. Usafiri si umeshalipwa? Na nani asiyezijua simu hizi? Leo una mzigo, kesho umeshinda gari, keshokutwa nyota yako imefungwa na mjomba. Nikamwachia kwa sauti, duka zima lisikie:

"Awe! Awe kabisa!" (Ndivyo tunavyowakatalia Wazambia wakishusha bei kupita kiasi.) "Unaongea na Nyundo ya Mpakani! Tapeli wa kunitapeli mimi, mama yake bado hajaposwa!"

Nikakata simu. Nilijisikia vizuri sana. Nikaagiza supu.

Akapiga tena, nikamrudia vile vile. Akapiga tena. Mwisho nikaihifadhi namba yake kwa jina TAPELI USIPOKEE. Halafu, kwa ule moyo wangu wa kusaidia jamii (moyo huu utaniua), nikaibandika humu kundini: "Ndugu zangu, huyu ni mwizi wa vifurushi. Akiwapigia, mporomosheeni matusi." Nanyi mkamporomoshea. Najua, kwa sababu mlikuwa mnaniletea taarifa.

Leo asubuhi uvumilivu ukaisha. Nikampigia yule dada wa Dar.

"Gauni langu linakuja kwa miguu?"

"Baba, lilishafika Tunduma. Wanasema mteja hatoi ushirikiano."

"Mteja gani huyo asiye na akili?"

"Wewe, baba."

Nikavaa koti na kofia yangu ya pama, nikaenda ofisi ya vifurushi pale stendi. Sikuingia kinyonge. Nilikuwa nimekusanya na mashahidi njiani: wapiga debe, mama mmoja muuza chapati, na madereva wawili wa Zambia waliokuwa wanapita zao. Nikampigia dada wa kaunta kelele kwamba ofisi yao ni ya wavivu.

"Mzee, tumekupigia sana," akasema.

"Mmenipigia lini? Simu yangu hii hapa!" Nikaibwaga juu ya kaunta, kioo kikitazama juu, ili kila mtu aone nisivyo na cha kuficha.

Dada hakubishana. Alichukua simu yake tu, akamwambia mtu wa upande wa pili, "Osea, mpigie yule mzee wa gauni."

Simu yangu ikaita.

Vichwa vyote vikainama. Mama wa chapati ndiye aliyesoma, kwa sauti, pole pole, kama anasoma somo la kwanza kanisani: "TAPELI. USIPOKEE."

Nikapokea. (Ningefanyaje?)

"Shikamoo mzee," ikasema ile sauti. Ile ile! "Leo hunitukani?"

Kumbe ukiambiwa usafiri umelipwa hadi Tunduma, maana yake ni hadi stendi. Kutoka stendi mpaka mlangoni ni wewe na bodaboda. Huyo Osea ndiye mgawaji wao wa vifurushi hapa mjini. Dada akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Jamani! Betri, viatu, mashine ya kunyolea, kila mlicholilia humu kipo pale, kimepangwa mpaka darini.

"Vyote hivi ni vya wafanyabiashara wenzako," akasema. "Osea akiwapigia wanamtukana. Sijui ni nani aliyewaambia ni mwizi."

Nikatazama dari. Wana dari nzuri sana.

"Na gauni?" nikauliza, sauti ikiwa imeshapungua nusu.

"Tumelirudisha. Limeondoka asubuhi hii na basi la Dar. Hata hivyo basi lina mizigo ya kupakia Mlowo, labda ukiwahi."

Kabla sijajibu, ujumbe wa Mama Lusia ukaingia: "Gauni lisipopatikana leo, mwanao ataingia ukumbini na kitenge changu, na wewe utakaa na wageni waalikwa."

Nikadandia bodaboda ya kwanza niliyoiona. Dereva alinipima kwa macho kuanzia tumboni. "Mzee, mpaka Mlowo? Na mwili wote huo?" Nikamwambia aendeshe, nitalipa na uzito. Tukapenya katikati ya malori. Nimetukana foleni ile tangu ujana wangu, leo nikawa naomba Mungu iwe imelikamata lile basi. Haikulikamata. Tukafika Mpemba, limeshapita. Karibu na Vwawa upepo ukaichukua kofia yangu, ikaingia shamba la mtu. Dereva akapunguza mwendo. "Twende!" nikapiga kelele. "Kofia haiolewi!"

Mlowo tukalikuta. Limesimama, wanapakia magunia ya maharage. Nilishuka nikitembea kama bata, miguu haikubali kukutana. Nikamfuata konda, nikamweleza shida yangu.

"Kitambulisho?"

Kiko dukani. Kwenye koti lingine.

"Basi mzee, siwezi. Nikikosea kutoa mzigo wa watu nalipa mimi." Lakini alikuwa muungwana, akampigia Osea na kuweka sauti kubwa. Abiria wakaanza kuchungulia madirishani.

"Osea, kuna mzee hapa anasema gauni ni lake. Unamjua?"

"Sura siijui," akasema Osea. "Sijawahi kumwona. Ila sauti yake hata nikizeeka siisahau. Mwambie aseme yale maneno aliyokuwa ananiambia kwenye simu."

Konda akanigeuzia simu. Nikasogea, nikanong'ona, "Awe. Unaongea na Nyundo ya Mpakani..."

"Siye huyo," akasema Osea. "Yule ana kelele."

"Ni mimi, mwanangu, naomba..."

"Yule haombi. Msimpe."

Dereva wa basi akapiga honi. Magunia yamekwisha, wanafunga buti. Nikaliona gauni la mwanangu linakwenda zake Dar, na Lusia anaingia ukumbini na kitenge cha mama yake. Nikafumba macho. Nikajaza kifua.

"AWE! AWE KABISA! UNAONGEA NA NYUNDO YA MPAKANI! TAPELI WA KUNITAPELI MIMI, MAMA YAKE BADO HAJAPOSWA!"

Stendi nzima ya Mlowo ikanigeukia. Hata wauza karanga waliacha kuita wateja.

"Ndiye mwenyewe," akasema Osea. "Mpe mzigo wake."

Basi likalipuka. Kuna mtu alicheka mpaka akaomba maji. Simu zilinyooshwa madirishani zote zinanirekodi. Na hapo ndipo nikaisikia sauti ya upole, dirisha la tatu kutoka mbele:

"Mkwe wangu?"

Nikafumbua macho. Mama wa bwana harusi! Mwanamke mpole, mzee wa kanisa, anakwenda Mbeya kutafuta viatu vya sherehe. Mbele yake mimi huwa naongea pole pole kama mchungaji msaidizi.

"Shikamoo, mkwe," nikasema. (Tunalingana umri. Ilitoka tu.)

"Marahaba," akasema, akifuta machozi kwa kanga. "Hiyo ndiyo hotuba ya Jumamosi?"

Nikapokea boksi langu. Nikalibeba usoni mpaka kwenye bodaboda.

Kufika nyumbani, video ilikuwa imenitangulia. Nilibisha hodi kwenye geti langu mwenyewe (umeme haukuwepo), na kutoka ndani Mama Lusia akanijibu, "Awe! Awe kabisa!" Lakini alifungua. Gauni limemkaa Lusia vizuri, na nilipomwona amelivaa nilijifanya nina vumbi jichoni. Barabara ile ina vumbi.

Kwa hiyo wanakundi, ile namba ni ya Osea. Si mwizi. Akiwapigia pokeeni, mmwombe radhi, mkachukue vitu vyenu, na lawama zote niandikieni mimi. Jumamosi nimemwalika, atakaa meza ya mbele, na nimeapa kwenye hotuba sitapandisha sauti.

Kuhusu ile elfu tatu niliyoiokoa kwa ujanja wangu: ukijumlisha bodaboda kwenda na kurudi, kofia, chai ya konda, na elfu tatu yenyewe, ambayo nimemtumia Osea bila kuombwa, pamoja na makato ya kutuma, imenigharimu shilingi 63,500.