Kilio cha Kumwitia Koyote

Jumapili, 4 Oktoba 1998

Kuanzia leo usalama wa mifugo ya Loudoun County nzima, jimbo la Virginia, uko mikononi mwangu. Serikali bado haijaarifiwa. Kamati ya send-off inajua, na hiyo yatosha.

Kikao kilikuwa hapa Silver Spring kwa dada yangu Dorothea, ninakokaa kwa muda (mwaka wa sita huu). Ajenda: send-off ya mwanawe Anitha, kumuaga kabla ya harusi, Jumamosi ijayo. Ndafu wetu, mbuzi wa kuokwa mzima, ni beberu mweupe, yuko kwa Bwana Walter, mzungu mzee mwenye shamba nje kidogo ya Sterling. Sasa Bwana Walter kapiga simu. Koyote, yule mbwa mwitu wa huku, kala mbuzi wawili wiki hii. Kabaki beberu wetu peke yake. Watu wakashika vichwa. Wakwe wanatoka Dallas, na send-off bila mbuzi mzima mezani ni kikao cha soda.

Nikasimama. Nikawakumbusha kwamba kule Mpwapwa niliwahi kumkimbiza fisi mpaka akaomba maji. Gwakisa akadakia kwamba mnyama pekee ambaye mimi, Eliudi, nimewahi kumwinda ni kuku, tena wa jirani. Watu wakacheka kupita kiasi.

Huyu Gwakisa ni dereva teksi, mdogo wa marehemu shemeji yangu. Anataka awe msemaji wa familia siku hiyo, eti yeye ni baba mdogo. Na mimi mjomba je? Mjomba ni mama mwenye ndevu! Dorothea akakata shauri: beberu akifika Jumamosi, msemaji ni Eliudi. Akiliwa, msemaji ni Gwakisa. Nimeanza kuandika hotuba. Kurasa kumi na moja, na bado sijafika kwenye salamu.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimenunua filimbi ya kuitia koyote, pamoja na kijitabu cha wanaoanza. Muuzaji hakuwa na cha waliobobea. Kiingereza chake kibovu, nadhani aliyeandika alikuwa na haraka. Nikampa Anitha anisomee, nisichoshe macho.

Kumbe mambo mepesi. Unakaa upepo ukikupiga usoni. Husemi, hutikisiki. Unapuliza filimbi kwa sauti ya sungura aliyeumia, koyote anakuja akidhani ni chakula, mwenye bunduki anafyatua. Mwenye bunduki ni Bwana Walter. Mimi ndiye mwitaji, yaani kazi yenyewe.

Nikamwambia Anitha arudie pale kwenye sungura. Akarudia: sungura anayelia. Nikakifunga kitabu. Sungura gani huyo? Sungura ninayemjua mimi halii, anawaliza wenzake. Kamliza fisi, kamliza simba, tembo mwenyewe hataki kusikia habari zake. Anitha akasema kwa Kiingereza kwamba ni sungura tu, Uncle. Watoto wa huku tumewapoteza.

Jumanne, 6 Oktoba

Alfajiri shambani. Filimbi nimeiacha nyumbani kwa msimamo. Nimelia kama mbuzi, kwa mdomo wangu. Beberu akaja, akasimama mbele yangu, akanijibu. Tukajibizana robo saa. Koyote hakutokea. Bwana Walter alicheka mpaka akaweka bunduki chini.

Kukaa kimya nimeweza dakika nne. Si haba.

Mchana, kazini ghalani Landover, nikiwa napanga maboksi, akili ikafunguka. Koyote ni nani? Ni fisi aliyepata makaratasi ya kuishi Marekani. Na fisi unamwita kwa nini? Kwa msiba! Penye msiba pana kula, hata fisi mjinga anajua. Nami ninayo kaseti ya mazishi ya shangazi yangu, waliyonitumia kutoka Mpwapwa mwaka juzi kwa kuwa sikuweza kusafiri. Dakika tisini za kilio safi. Kijitabu hakina habari hii. Nitawaandikia.

Jumatano, 7 Oktoba

Siku ndefu. Naandika kwa mpangilio nisije nikasingiziwa.

Saa kumi na mbili asubuhi nikaweka redio kaseti kwenye miti, sauti juu kabisa. Bwana Walter akavua kifaa chake cha kumsaidia kusikia, akajibanza nyuma ya ghala. Kina mama wa Mpwapwa wakalia upande A, wakalia upande B. Koyote kimya. Saa mbili nikazima nikaenda zangu Landover.

Saa kumi jioni narudi nyumbani. Viatu vimejaa mlangoni. Ndani makochi yamesukumwa ukutani, kina mama wako chini na kanga zao. Wanaume wako kwenye maegesho, viti vya kukunja, mikono mashavuni. Msiba! Nikavua viatu.

Sasa mtu mzima haingii akauliza nani kafa. Unakaa, unainama, utasikia. Dorothea akaniangukia begani akilia, akasema wewe ndiye ulikuwa huko, kaka. Sikuelewa nilikuwa wapi. Nikalia naye. Anitha analia. Gwakisa analia, nikajua ni mkubwa aliyekufa.

Palikosekana kiongozi. Nikasimama. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Kwamba hakuwa na makuu. Kwamba pengo lake halizibiki, si Silver Spring, si Mpwapwa. Vilio vikaongezeka. Gwakisa akanishika mkono, akasema shemeji, leo umesema. Nikatangaza send-off imeahirishwa. Nikaona watu ni wengi, wali upo, kitoweo hakuna. Na beberu yuko tu, hana kazi tena. Nikaamuru achinjwe. Gwakisa mwenyewe akaendesha teksi kwenda kumchukua.

Nyama ilikuwa laini ajabu.

Baada ya kula, mzee wa kanisa Ezekiel akatoa kalamu aandike tangazo la Jumapili. Akauliza taratibu: jina la marehemu? Wote wakanitazama mimi. Nikamtazama Dorothea. Dorothea akamtazama Edah, Mkenya wetu wa kamati ya chakula. Edah akasema yeye alienda shambani asubuhi kumpima beberu kwa futi, kama ataingia kwenye oveni, akasikia watu wakilia kwa miti. Hakuwasongea, ni watu wako na msiba, ungewauliza aje? Akarudi akaambia Dorothea kuna kilio Sterling. Basi. Halafu akaongeza kwamba katikati ya kilio kuna mtu aliuliza chumvi iko wapi.

Hapo nikaitambua kaseti yangu.

Nikawaza haraka. Nikawaeleza kwamba koyote wa Virginia ana hila, huiga kilio cha binadamu ili avute watu. Gwakisa akauliza, na chumvi pia aliuliza koyote? Nikamjibu wanyama wa nchi hii wamesoma. Dorothea akainuka, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti langu, akatoa kaseti.

Jumamosi, 10 Oktoba

Send-off imefanyika. Nilijitetea kwamba masharti yalisema akiliwa na koyote, na koyote hakumgusa beberu wetu, tulimla sisi. Dorothea akasema akiliwa ni akiliwa. Gwakisa akasema maneno machache mazuri, ya kawaida.

Mahali pa ndafu palikuwa na bata mzinga, kotimiri mdomoni. Ndafu husimama. Bata mzinga wa kuokwa hasimami. Ikabidi mtu akae chini ya meza, mkono juu, amshikilie. Kamati ikapiga kura. Nilikaa dakika arobaini. Nikamsikia mkwe mmoja wa Dallas akiuliza mbona yule ndege anatetemeka.

Jumapili, 11 Oktoba

Bwana Walter kapiga simu jana, sasa anapoteza kuku. Dorothea hataki kusikia. Mimi nimemwahidi bwana wa watu. Nimeazima spika mbili za kwaya, bila kumsumbua Ezekiel kwa kumwambia, na kaseti ya harusi. Nimegundua kosa langu: msiba unahuzunisha, mnyama hawezi kula na huzuni. Nikasema harusi itamleta.

Imemleta! Alfajiri ya leo, wimbo wa tatu, katoka mitini, Bwana Walter hajaamka na bunduki yake, kakaa hatua kumi mbele yangu. Gwakisa nitamwambia alikuwa kama ndama, nikamkazia macho akakimbia. Na Jumamosi ijayo narudi na spika nne.

Lakini shajara ni shajara. Alikuwa kama mbwa tu, mwembamba. Akanitazama. Nikamwamkia shikamoo.