Dumu la Bluu kwa Mama Mkwe

Alhamisi, 6 Agosti

Tumefika salama, sifa zote ni za Mungu. Saa tisa ndani ya pikapu ya mume wangu! Yeye ni seremala. Kiti changu kilikuwa na msumari. Niliugundua saa ya kwanza, nikanyamaza zile nane zilizobaki asije akaghairi safari.

Anachojua ni kwamba tumekuja kumsalimu rafiki yangu niliyejifunza naye kushona, na mumewe, mpishi wa hoteli. Ni kweli tumekuja kuwasalimu. Lakini na mimi nina langu. Mama mkwe, aliyefua shuka za hospitali mpaka mgongo ukamgomea, sasa ni wa kitandani. Ukutani ana kalenda ya zamani yenye picha ya bahari, na hataki iondolewe. Mwaka jana wifi yangu alikuja huku akamletea kombe la bahari. Moja! Tangu siku hiyo kila nikipeleka uji nasimuliwa jinsi kombe linavyovuma sikioni. Juzi mama kanishika mkono: mwanangu, niletee kidogo ile bluu niione kabla sijaondoka. Nikaapa. Nina dumu la lita ishirini chini ya turubai. Wifi na abaki na kombe lake.

Halafu tukakata kona ya mwisho. Ee Mola wangu! Nilidhani mbingu imelala chini. Nikamwambia mume wangu asimamishe gari. Akasema limesimama kitambo. Mahoteli yote yameigeuzia bahari uso, mamia ya madirisha, kama waumini walioelekea upande mmoja. Machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeamka alfajiri. Nimemuaga rafiki yangu kwamba naenda kusali ufukweni. Si uongo, nilisali. Ila bahari haikuwepo! Imeondoka! Mchanga mtupu mpaka mbali. Nikakumbuka dhambi zangu zote kwa mpangilio.

Nilirudi mbio kumpa habari. Rafiki yangu alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kumbe huondoka na kurudi kila siku, tena mara mbili, yenyewe, bila kutumwa na mtu. Tangu ulimwengu uumbwe! Na mimi siamki mpaka nivutwe shuka.

Iliporudi nikajaza dumu. Nikamimina kwenye glasi. Maji maangavu, kama ya bomba! Nikaingiwa na wasiwasi kwamba bluu wamewekewa wageni wa hoteli, sisi wa nyuma tunapewa makombo. Nikaenda na dumu langu mbele ya hoteli. Mlinzi kauliza natafuta nini. Nikasema nimetumwa na mpishi. Akanipeleka kwa mpishi. Shemeji yangu, na kofia yake nyeupe ndefu, aliniangalia, akaliangalia dumu, akamwambia mlinzi ndiyo, huyu ni wetu, mwache tu. Mungu ambariki. Maji ya hapo pia maangavu.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimeiona! Bluu ipo, ila iko mbali kidogo. Ufukweni kuna mzee anayekodisha viboti vya kukanyaga kama baiskeli. Nikamwambia mume wangu kukanyaga juu ya maji ni dawa ya magoti. Akataka kujua nani kasema. Wataalamu, nikamjibu. Tukavishwa majaketi ya kuelea, tukajipachika, dumu katikati yetu kama mtoto. Akauliza dumu la nini. Nikamwambia akanyage.

Tukakanyaga. Bluu ikasogea. Tukaongeza kasi. Nayo ikasogea umbali uleule, kwa adabu zote. Nikageuka nyuma: kule tulikotoka ndiko sasa kuna bluu! Tumeipita bila kuiona. Nikachota kwa kiganja. Maangavu. Nikatoa miguu kwenye pedali.

Kimya. Sijawahi kusikia kimya cha ukubwa ule. Maji chini, mbingu juu, na sisi wawili wenye mvi tumeshikana mikono, sijui nani kaanza. Mume wangu akasema polepole kwamba maisha yake yote hajaona kitu kisicho na kona.

Ndipo filimbi ikalia. Mzee wa viboti alikuwa ufukweni, mikono kinywani: “Mama weee! Mnahamia wapi na dumu?”

Jumapili, 9 Agosti

Sala, kisha mapumziko. Nimekubali. Nitampelekea mama maji maangavu, ya kweli, yenye chumvi yake. Ukweli una heshima zake. Rafiki yangu, ambaye hushona mashuka ya mahoteli, amenifungia mawili, pamoja na pakiti ya bluu ya kufulia ili yasififie. Tumeagana kwa machozi.

Jumatatu, 10 Agosti

Msiba. Gari limechemka mlimani nikiwa nimesinzia. Naamka, dumu tupu, na mume wangu kando ya rejeta anatabasamu: kumbe ndiyo maana ulibeba maji, mke wangu una akili! Ningesemaje? Nikasema ndiyo maana. Bahari ya mama ikapaa kama mvuke mbele ya macho yangu.

Kituo cha mafuta kilikuwa na bomba. Duka la jirani lilikuwa na chumvi. Bluu nilikuwa nayo. Nilimwomba Mungu atazame pembeni dakika mbili.

Jumanne, 11 Agosti

Wifi alikuwa ameshafika, na kombe lake. Nikamimina dumu kwenye beseni jeupe, chini ya dirisha. Bluu! Ileile ya kalenda! Wifi akaliweka kombe lake chini. Mama akachovya kidole na kukitia mdomoni kabla sijamzuia. Akafumba macho. Akamtuma wifi chai.

Kisha akaninong'oneza: “Mwanangu, miaka thelathini nimefua shuka. Bluu hii naijua hata usingizini.”

Nikapiga magoti, nikamwaga siri yote. Rejeta. Kiboti. Bluu inayosogea ukiifuata. Kitu kisicho na kona. Hakunikemea. Alikuwa anatazama dirishani, anasema: tena, hebu tena, ile ya kuondoka na kurudi. Nikairudia mara nne. Mara ya nne alikuwa anaona, naapa alikuwa anaona.

Wifi aliporudi, mama akamtolea ulimi, bluu tupu. “Onja. Wifi yako kaniletea bahari.” Wifi akaonja! Akasema kweli, ndiyo yenyewe.

Halafu mama akanivuta karibu: mwakani niletee wimbi. Moja tu. Akacheka mpaka akakohoa.

Jioni hii nimepima pikapu. Pipa la lita mia mbili linaingia. Tukilijaza nusu, kwa matuta ya ile barabara, wimbi litafika likiwa hai. Mume wangu nitamwambia ni maji ya rejeta.