Kibodi Iliyogoma Wiki ya Mazishi

Jumatatu, 10 Machi
Kibodi imekufa. Tena katikati ya neno "mpendwa"! Nilikuwa nachapa kitabu cha mazishi ya Maame Ewurabena. Anazikwa Jumamosi, nakala mia mbili, kazi kubwa kuliko zote tangu nifungue duka hapa Winneba. Kompyuta inasema kifaa cha USB hakitambuliki, huenda draiva ina hitilafu. Mke wangu Ekuwa kasema nivuke barabara nimwite Dzifa, mwenye duka la kuchapa la pili. Dzifa! Aliyeninyang'anya kazi ya kuchapa mitihani ya shule nzima! Nikasema bora nichape kwa pua.

Jumanne, 11 Machi
Mpango: nipakue draiva mwenyewe. Kwa kubofya kipanya tu nimepata tovuti yenye kitufe kikubwa cha kijani. Nikabofya. Kibodi bado bubu, na sasa kompyuta inanitangazia dawa ya upara kila dakika mbili. Mama mkwe, aliyeniletea kenkey, akauliza kulikoni. Nikasema draiva imenisumbua. Akasema mdogo wake ni dereva wa trotro, daladala za huku kwetu, na siku hizi yuko nyumbani tu, amwite? Nikamega donge la kenkey.

Alhamisi, 13 Machi
Mpango mkali zaidi: nizime vifaa vyote vya USB, kisha niviwashe, vishtuke, vikae sawa. Nimevizima. Vyote. Kipanya nacho kikafa papo hapo. Kumbe nacho ni cha USB! Nikazima kompyuta, nikaiwasha upya. Inadai nywila. Niiandike kwa kitu gani, kwa kidole hewani?
Mansa, binti wa marehemu, akasimama mlangoni na nguo zake za msiba, nyeusi na nyekundu. Akauliza kama nakumbuka ni nani aliyenifundisha kusoma darasa la pili. Nakumbuka. Nikamwambia kazi inakaribia kwisha. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 14 Machi
Ekuwa hakuniuliza. Alivuka barabara, akarudi na Dzifa na kibodi ya zamani yenye plagi ya duara, isiyo ya USB. Ikakubali mara moja.
"Haya kaka, nywila?"
Nikasema nitaandika mwenyewe. Akasema kibodi yake haiguswi na mtu anayezima kila anachokiona. Mansa, aliyekuja kufuata vitabu, anatazama. Mama mkwe anatazama. Nikanong'ona.
"Toa sauti, kaka!"
Nikaitoa: dzifahajuikitu. Herufi ndogo zote.
Dzifa akaiandika bila kukosea. Akawasha nilivyovizima, akafuta uchafu wangu wa kijani, akachomoa kibodi yangu kwenye tundu la mbele lililolegea, akaichomeka nyuma. Ikafanya kazi. Dakika nne! Draiva haikuwa na kosa lolote. Kisha akaketi, akachapa kurasa zote zilizobaki. Alisema Maame alimfundisha na yeye. Nikamletea maji ya baridi.

Jumatatu, 17 Machi
Mazishi yalikwenda vizuri. Vitabu vilisifiwa, nikapokea sifa zote kwa unyenyekevu. Nimewaza sana. Dakika nne tu! Kumbe kazi yenyewe ni rahisi hivyo! Nimebandika kibao mlangoni: HAPA TUNATIBU KOMPYUTA. Mchungaji kaleta ya kanisa, analalamika inajikokota. Nimeshafuta vitu thelathini visivyo na maana. Skrini imegeuka bluu tupu. Nadhani inapumzika.