Ufunguo wa Chumba cha Cherehani

Jumatatu, 4 Machi
Usiku wa sanaa Jumamosi! Tutanadi kazi zetu, fedha ziende kwenye nyumba ya akina mama waliookolewa utumwani. Utumwa wa siku hizi, usio na minyororo. Jambo hili linaniuma, kweli kabisa. Kinyozi naye ananiuma. Mwaka jana kinyago chake kilishinda vyote kwa bei, na mpaka leo kila akininyoa lazima anisimulie. Safari hii atanitambua! Nitapeleka pazia kubwa la viraka, lenye picha. Sijui kushona. Lakini shemeji, mdogo wake mke wangu, ni fundi cherehani, na anakaa kwetu.
Kauliza atalipwa nini. Nikamwambia sisi ni ndugu. Kacheka, ila si kwa furaha.

Jumatano, 6 Machi
Kazi haiendi, simu haimwachi. Nimemwekea mimi. Kitambulisho pia, asije akakipoteza kwenye vitambaa. Mchana nikamwona Kinyozi akichungulia dirishani. Mwizi wa mawazo! Nikapiga kufuli chumba cha cherehani, ufunguo mfukoni, nikaenda kutazama mpira. Nikamsahau shemeji ndani. Mke wangu kavunja kufuli kwa nyundo, kisha kanigeukia mimi. Masikio bado yanawaka.

Ijumaa, 8 Machi
Mkutano ukumbini. Mama mmoja wa ile nyumba katusimulia yaliyompata. Walimchukulia simu na kitambulisho. Walimfungia mlango. Kila akiuliza mshahara, aliambiwa yeye ni ndugu. Nililia kwa sauti! Watu gani hawa, hawana hata haya? Mke wangu hakulia. Alikuwa ananitazama mimi tu. Nadhani machozi yangu yalimgusa.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa. Pazia limefunuliwa jukwaani, nami nimesimama kando yake na koti jipya. Picha: mwanamke kwenye cherehani. Mlango wenye kufuli. Nje, mwanamume mwenye kitambi, kavaa kofia yangu, kashika ufunguo. Hata kifungo kilichokatika kwenye shati langu hakukisahau! Ukumbi ukaangua kicheko. Shemeji akaitwa. Akasema ameshona kwa ajili ya wale wasio na dada wa kuwavunjia kufuli. Kicheko kikakatika. Nilitamani ardhi inimeze. Pazia likashinda vyote kwa bei. Aliyelinunua ni Kinyozi.

Jumapili, 10 Machi
Nimemrudishia shemeji vitu vyake na kumwomba radhi. Nilimaanisha kila neno. Kanisamehe, ana roho nzuri. Ile nyumba imempa kazi ya kufundisha ushonaji, kwa mshahara, na kesho anahama. Nimefurahi kwa dhati, na nimeona aibu. Pazia liko kwa Kinyozi, mbele ya kiti cha wateja. Nitafuga nywele.
Ila mwaka kesho upo. Mama mkwe anakuja kukaa nasi, na anafuma ajabu. Hana makuu, wala simu hana. Nimeshanunua kufuli jipya, lile ambalo muuzaji ameapa nyundo hailiwezi.